Chanjo ya Kwenda Usumbura

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Generose aliosha sahani, akafagia uwanja, kisha akaketi mkekani na wazazi wake na mdogo wake Libérat kupanga safari. Huo ulikuwa mwaka 1954. Baba yao, Thaddée, alipima mizigo bandarini Kalundu, na sasa alikuwa amepewa likizo. Wangekwenda Usumbura, ng'ambo ya mto Ruzizi, katika nchi ya Urundi, nyumbani kwa shangazi Spès.

"Siku ya kwanza tunapumzika," Baba alisema.

"Tunapumzika nini? Minye sijachoka!" Libérat alijibu.

Shangazi alikuwa ameandika kwamba siku ya sikukuu ya Bikira Maria, parokia ingewawekea watoto bembea, mbio za magunia, na sinema ya kuonyeshwa kwenye shuka nyeupe. Baada ya hapo wangekula pilau na sambusa katika hoteli moja ya mtaa wa Buyenzi.

"Huyo mpishi ananawa mikono?" Mama aliuliza.

Baba akacheka. "Mama Generose, weye unamshuku hata mtu ambaye hujamwona!"

Lakini Baba aliwaonya jambo moja. Kwenye daraja la Ruzizi askari hakumpitisha mtu asiye na kadi ya chanjo ya ndui. "Mmoja akikosa kadi, tunarudi wote," alisema.

Jumatatu Mama aliwapeleka watoto dispansari, akawaacha kwenye mistari, akakimbilia soko la samaki. Wavulana walipanga mstari upande mmoja wa nyumba, wasichana upande mwingine. Mbele ya Generose alisimama msichana mkubwa. Muuguzi Ndikumana alipomkwaruza mkononi, karibu na bega, kwa kisu kidogo, msichana huyo alilia kwa sauti. Generose akarudi nyuma hatua moja. Akajifanya anakwenda kunywa maji, akazunguka ukuta, akamsubiri Libérat njiani.

"Umechanjwa?" Libérat aliuliza.

"Nimechanjwa. Usiguse, inauma."

Muuguzi alikuwa amesema kila mtu arudi baada ya siku nane, aonyeshe mkono ulivyovimba, ndipo apewe kadi. Siku ya nne mkono wa Libérat ulitoa uvimbe mdogo mzuri. Mkono wa Generose ulikuwa laini kama siku zote. Libérat alianza kumwangalia kwa pembeni.

"Mbona unavaa mikono mirefu na jua hili?"

Generose aliogopa. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ua wa mnyaa, ule mti unaotoa utomvu mweupe kama maziwa. Watoto wote wa Kalundu walijua kwamba utomvu ule huchoma ngozi. Alivunja kijiti, akajipaka tone moja begani. Alipoona hakuna kitu, akapaka tena, na tena.

Jumamosi bega lake lilikuwa limejaa malengelenge. Jumapili yalipasuka.

"Yangu iko kama punje ya mahindi," Libérat alisema. "Yako iko kama uji uliomwagika."

Mama alifunua shati, akapiga kelele. Majirani wakaja. Wa kwanza alikuwa Nkeshimana, aliyembeba mgongoni mtoto wake mchanga, Claire.

"Ni kile kisu," Nkeshimana alisema. "Huyo munganga hakukisafisha. Ama ile dawa yenyewe ni mbaya, na wanatuficha."

"Lakini Libérat hana shida," Mama alisema.

"Wamempa dawa nyingine. Nani anajua? Minye Claire wangu simpeleki."

Wanawake wengine wawili walitikisa vichwa. Hao nao hawangewapeleka watoto wao. Generose alisikia yote, akafunga mdomo. Wiki ile ile watu walikuwa wakisema kwamba ndui imeonekana Runingu, si mbali na hapo.

Jumatatu Mama alimshika Generose mkono mpaka dispansari. Nkeshimana na wanawake wale wawili walifuata nyuma. Mama hakungoja zamu.

"Munganga, tazama ulichomfanyia mtoto wangu!"

Ndikumana alikitazama kidonda kwa karibu. Kisha akafungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye majina yote ya Jumatatu iliyopita.

"Mama, Libérat yuko hapa. Generose hayuko."

"Basi umesahau kumwandika!"

"Au amemfuta," Nkeshimana aliongeza. "Ameona kosa lake, amelificha."

Muuguzi aliligeuza daftari ili walione. Alisimama pale na daftari mkononi, na wanawake wote walimtazama kama mwizi. Generose aliwaza juu ya bembea na sinema. Akisema ukweli, safari ingevunjika. Akinyamaza, mtoto Claire angerudi nyumbani bila chanjo. Machozi yakamjaa.

"Hakusahau," alisema. "Nilitoroka mstari. Nimejipaka mnyaa."

Mama aliachia mkono wake. Hakumpiga. Alimgeukia Ndikumana, akainamisha kichwa, akamwomba radhi mbele ya watu wote.

Muuguzi alikisafisha kidonda na kukifunga. "Ungejigusa jicho kwa mkono wenye utomvu ule, ungeweza kupofuka," alimwambia Generose. Kisha akamchanja bega la pili. Ilikwaruza kidogo tu, ikaisha. Generose aliona aibu zaidi ya maumivu.

Alidhani mambo yameisha. Lakini Nkeshimana alikuwa tayari amegeuka kwenda zake, na Generose alimkimbilia.

"Mama Claire, nimesema kweli. Mlete mtoto."

Nkeshimana alimtazama toka juu hadi chini. "Jana ulituacha tuseme ni chanjo. Leo unasema ni mnyaa. Nani amekufundisha maneno haya? Munganga amekuahidi kadi?"

Generose alipandisha mkono wa shati. Kisha akaonyesha bega lililochanjwa. "Basi nitakuja kwako kila asubuhi. Utaliangalia mwenyewe."

Nyumbani Libérat alilia sana. Wangengoja siku nane nyingine, na sikukuu ilikuwa Jumapili ile. "Bembea yangu!" alipiga kelele, na kwa siku mbili hakuzungumza na dada yake. Baba aliomba bandarini likizo yake isogezwe, na wakubwa wakamkubalia siku mbili tu baada ya kadi kutoka: zingetosha kumwona shangazi Spès, bila bembea wala sinema.

Kila asubuhi, kabla ya kuteka maji, Generose alikwenda kwa Nkeshimana. Siku ya kwanza mama huyo alisugua bega lile kwa kitambaa chenye maji, aone kama limepakwa kitu. Siku ya tatu alilinusa. Siku ya tano, uvimbe mdogo ulipotokea, alimwita Libérat, akalinganisha mikono yao. Siku ya saba alisema tu, "Kesho uningoje nimalize kumnyonyesha Claire, twende dispansari pamoja."

Kesho yake Claire alichanjwa, akalia kidogo, akalala. Wanawake wale wawili walikuwa nyuma yake na watoto wao. Ndikumana aliandika kadi ya Generose, lakini kabla ya kumpa aliishika kwanza.

"Generose, uliposema uongo, watu waliuamini siku hiyo hiyo. Uliposema kweli, umehitaji siku nane ili uaminiwe. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilianza na uongo."

"Ndiyo. Na hofu yako haikuwa kosa. Watu wazima pia wanaogopa kisu hiki. Ukiogopa, niambie unaogopa, nami nitakushika mkono. Ukinificha, ninabaki na daftari tu, na mtoto wa jirani anabaki bila kinga."

Akampa kadi. Generose aliipokea kwa mikono miwili. Halafu, bila kuambiwa, alikwenda kusimama karibu na msichana mdogo aliyekuwa akitetemeka mwishoni mwa mstari.

"Unaogopa?" alimuuliza. "Hata minye niliogopa. Nipe mkono."