Ndevu za Teofili na Seti ya Kifalme

Kila jioni Teofili alirudi nyumbani na baiskeli yake, kichwa kizima cheupe kwa vumbi la pumba. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Mdogo wake, Gladness, alikuwa akimngoja mlangoni.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu. Maji ya kuoga yako wapi?"

Vumbi lilitoka kwa maji. Vipele vilikataa. Vilimjaa kidevuni na shingoni, vinawasha, vingine vina usaha. Akinyoa ndevu, vinaongezeka. Akiacha kunyoa, ndevu zinaota kwa mafungumafungu, kama jaruba lililopandwa na mlevi.

Angevumilia tu, kama si Merina wa kijiji cha Kisawasawa. Yeye na Merina walikuwa wamekubaliana kuoana. Wazee wao wangekutana baada ya mavuno. Lakini siku moja shangazi yake Merina, Bi Sikitu, alimwona Teofili sokoni. Akarudi nyumbani na tangazo.

"Yule kijana ana ugonjwa wa ngozi. Mtoto wetu haendi kwenye maradhi."

Na katika ukoo ule, Bi Sikitu akisema, hata baba mwenye mtoto hutulia kusikiliza.

Merina alipiga simu. "Teo, fanya kitu. Shangazi ameanza kumtaja mwanaume mwingine."

"Nani huyo?"

"Mwenye trekta."

Teofili alikaa chini. Trekta! Yeye ana baiskeli, na breki ya nyuma haishiki.

Wiki hiyohiyo alipita karibu na stendi. Palikuwa na mchuuzi amevaa suti juani, ana kipaza sauti. Mkononi ameshika boksi jeusi lenye maandishi ya dhahabu.

"Vipele kwaheri! Seti ya Kifalme kutoka ng'ambo! Wafalme wananyoa kwa hii, wewe unangoja nini?"

Ndani ya boksi mlikuwa na kishikio cha chuma cha kutilia wembe, brashi, kichupa cha mafuta na kijiwe cheupe. Kila kitu kilibandikwa karatasi yenye taji. Teofili alimfikiria mwenye trekta. Akatoa pesa ambayo ingemnunulia mbuzi mzima.

Akafika nyumbani, akasimamisha kioo dirishani, akanyoa kama alivyozoea. Hakutumia maji. Hakutumia sabuni. Alikandamiza wembe kwa nguvu, akapandisha kutoka shingoni kwenda juu, akarudia, akarudia tena. Yeye ni mtoto wa mkulima. Alijua kwamba jani lisipokatwa chini kabisa, kesho linarudi.

Kulipokucha, uso ulikuwa umevimba. Gladness alimtazama, akaweka chini kikombe cha chai.

"Kaka, huyu ni mfalme gani? Wa nyuki?"

Mama yao hakucheka. Alimwita jirani yao, Luciana, muuguzi wa wodi ya wanaume.

"Shikamoo, sista," alisema Teofili, ameficha kidevu kwa kitambaa.

"Marahaba. Hebu toa hicho kitambaa. Mama yangu! Umepigana na nani?"

"Na wembe."

"Naona wembe umeshinda. Nionyeshe unavyonyoa. Tumia kijiko, usitumie wembe."

Teofili alichukua kijiko, akakwangua nacho kidevu kutoka chini kwenda juu. Luciana akashika kiuno.

"Wewe unanyoa au unapalilia?"

"Si ni lazima nikate kwenye mzizi?"

"Ndevu si magugu, mdogo wangu. Ukizikata chini mno tena kinyumenyume, ncha inabaki kali ndani ya ngozi. Ikianza kuota inajikunja, inachoma ngozi, ngozi inavimba. Hicho ndicho kipele chako."

"Kwa hiyo si ugonjwa?"

"Si ugonjwa wa kumwambukiza mkeo. Lakini wembe usimwazime mtu, wala usiazime. Damu ya mtu kwenye wembe inaweza kubeba magonjwa."

"Basi nionyeshe kunyoa sasa hivi."

"Sasa hivi? Huo uso uache upone. Usinyoe karibu mwezi mzima. Vyenye usaha usivitumbue. Visipopungua, uje hospitali."

"Mwezi mzima! Na mwenye trekta je?"

"Mwenye trekta yuko shambani, analima. Wewe tulia."

Teofili alitulia, japo kwa shida. Mpunga ulivunwa, ndevu zikaota, na vipele vikanywea kimoja kimoja. Jumamosi moja Luciana alikuja na kuagiza beseni la maji ya moto.

"Si ya kuchemka. Mkono uvumilie. Tumbukiza hicho kishikio chako cha kifalme kwanza, kioshwe."

Teofili akakitumbukiza. Punde karatasi yenye taji ikabanduka, ikaelea juu ya maji. Kwenye chuma pakaonekana jina jingine limechorwa. Luciana alilisoma, akaanza kucheka.

"Hiki tunacho wodini! Nilikinunua mwenyewe kwenye duka la nyuma ya soko."

Akanusa kile kichupa. "Mafuta ya nazi." Akalamba kile kijiwe kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. "Shabu, ile ya kuzuia damu ukijikata. Sokoni wanaiuza kwa mafungu."

Teofili alitoa macho. "Mbona sikuiona hii karatasi ikibanduka siku zote?"

"Ingebandukaje na wewe hukuwahi kuilowesha?"

Gladness akaangua kicheko. "Kaka, si ndiyo kazi yenu hiyo! Mchele uleule wa mashamba ya Mchombe, mkiutia kwenye mfuko wenye picha ya twiga, bei inaruka!"

Teofili alikumbuka. Mifuko ile ya twiga aliishona yeye mwenyewe kila siku, huku akiwashangaa wanaoinunua. Naye akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Basi nikitupe?"

"Ukitupe kwa nini? Kishikio ni kizima. Kibaya ni ile bei. Kitunze, kitakaa miaka. Utakuwa unanunua wembe tu, na pakiti nzima haifiki bei ya soda. Haya, kaa."

Luciana alimwekea usoni kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ndevu zilainike. Akazungusha brashi iliyolowa juu ya kipande cha sabuni mpaka povu likawa zito, akalipaka. Kisha akampa wembe mpya.

"Pitisha vidole. Ndevu zako zimelalia wapi?"

"Mashavuni zinashuka. Hapa shingoni zinakwenda pembeni."

"Basi zifuate zinakolala. Usikandamize, uzito wa chuma unatosha. Pitisha kidogo, suuza wembe, pitisha tena. Zikibaki fupi, ziache."

"Zibaki? Watu watasema sijanyoa."

"Watakuwa wanaona ngozi, hawataona vipele. Chagua."

Alipomaliza, alinawa maji ya baridi, akajikausha taratibu bila kusugua. Luciana alimfundisha kukausha kishikio, na wembe uliokwisha kuutia kwenye kopo lenye mfuniko, usije ukamkata mtoto jalalani.

Siku ya ugeni ilifika. Teofili, mama yake na mshenga walikwenda Kisawasawa. Bi Sikitu alimsimamisha Teofili kwenye mwanga.

"Geuka. Na huku. Inua kidevu. Umepaka dawa gani?"

"Maji na sabuni, shangazi. Nilikuwa nanyoa vibaya." Akaeleza yote, hata habari ya twiga.

"Maneno mazuri. Dionisi, njoo hapa!"

Baba mdogo wa Merina akatoka ndani, ana ndevu mpaka kifuani.

"Huyu ameogopa wembe miaka yote. Akinyoa tu, vipele," alisema Bi Sikitu. "Mnyoe. Tutamtazama wiki nzima. Akitoka vipele, msirudi."

Mama yake Teofili alifumba macho. Merina alileta kishikio cha baba mdogo mwenyewe kutoka kabatini na wembe mpya kutoka dukani. Teofili akazipunguza zile ndevu kwa mkasi, akamfunika kitambaa cha moto, akapaka povu, akapitisha vidole kutafuta zinakolala. Hakuharakisha. Kila akipitisha kidogo, alisuuza wembe.

Wiki ile Teofili hakula vizuri. Jumapili, baada ya misa, bodaboda ilisimama mlangoni. Baba mdogo Dionisi akashuka, uso laini, ndevu mpya ndiyo kwanza zinaanza kuota. Hakuwa na kipele hata kimoja.

"Shikamoo, baba! Jibu?"

"Marahaba. Jibu ninalo." Akatoa mfukoni kishikio chake na pakiti ya nyembe. "Chemsha maji kwanza. Habari ya ndoa siitoi nikiwa na ndevu."

Maji yakachemshwa, yakapozwa kidogo. Povu likapakwa. Teofili alipofika shingoni, baba mdogo akanong'ona, "Wamekubali wote. Hata Sikitu."

Teofili akaruka kwa furaha, wembe ungali shingoni.

"Tulia, mkwe!" baba mdogo akapiga kelele. "Hiyo ni shingo yangu!"