Utando Uliojikunja

Miaka ile mjini Aarhus, likizo ya viazi, ile ya shule ya msimu wa mavuno, ilipofika, watoto wengi hawakuwa tena wakienda mashambani kuvuna. Vibeke, binti wa miaka kumi na mitatu, alifuatana kwa baiskeli na baba yake, Torkil, hadi maabara. Harufu ya kahawa na mafuta ya pampu iliwalaki mlangoni. Hata leo, akiwa mtu mzima, hajaisahau.

Torkil alitengeneza tando za kaboni, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando uliachwa uelee majini, kisha ukaopolewa taratibu kwa fremu. Ioni, yaani atomu zenye chaji, zilirushwa kwa kasi zikaupenya. Zilitoka zimesisimka, zikang'aa rangi ya buluu gizani, na mwanga wake ukafifia kadiri zilivyosonga mbele. Kwa kupima urefu wa mwanga huo, mtafiti Ingelise alijua msisimko ule hudumu kwa muda gani.

Asubuhi moja Vibeke aliopoa kwa pupa. Utando ukajikunja katikati, ukawa maradufu.

"Umekaa vizuri?" baba yake aliuliza bila kugeuka.

"Kama kioo!" Vibeke alijibu, akaukabidhi vivyo hivyo.

Adhuhuri Ingelise alitoka chumba cha vipimo, uso umemsawijika.

"Torkil, mwanga wa leo ni mfupi kuliko wa siku zote. Basi nilipima vibaya wiki nzima! Navifuta vipimo vyote."

"Kunywa kahawa kwanza."

"Kahawa yako hii? Hata ioni zingeikimbia!"

Vibeke aliwasogelea. "Usivifute, Ingelise. Utando wa leo umejikunja. Niliona, nikanyamaza."

"Vibeke! Si ulisema kama kioo?"

"Niliogopa hutaniachia fremu tena, Baba."

Ingelise aliketi, akashusha pumzi. "Kumbe! Ioni zimepenya unene maradufu, zikapunguza mwendo. Ndiyo maana zilififia kabla ya kufika mbali."

Torkil akampa bintiye fremu. "Opoa mwingine. Polepole, kama unayemfunika mtoto aliyelala."

Alasiri mwanga wa buluu ulirefuka tena, nao watatu wakautazama gizani.

"Sote tumewahi kuharibu tando," Ingelise alisema. "Utando mbovu hutupwa, kisha hutengenezwa mwingine. Lakini ukilificha kosa lako, Vibeke, mwenzako atadhani ni lake, naye ataitupa kazi yake njema kwa mikono yake mwenyewe."