Buti la Kushoto

"Usiguse maji," baba alisema. "Bado dakika kumi."

Binti aliuondoa mkono wake kwenye beseni kama aliyeungua. Mabuti mawili ya ngozi ya ng'ombe yalikuwa yamesimama humo tangu asubuhi, maji yakifika kwenye vifundo, magazeti makavu yakiwa yameshindiliwa ndani. Karakana ya baba ilikuwa na sharti moja kwa anayetaka kuitwa fundi: mabuti uliyoshona yasimame majini kwa muda wa saa sita, na gazeti litoke kavu. Kwa kijana aliyeyashona haya, aliyejifunza kazi hapo miaka mitatu na sasa amemposa binti wa mwenye karakana, baba aliongeza la pili. Yakivuja, posa isubiri mwaka mzima. Tangu lini ndoa ya mtu ikangoja soli? Lakini baba akishasema, amesema.

Simu ya binti ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kijana, aliyekuwa amefukuzwa hadi nje asije akachungulia.

"Tulia mpenzi. Kila tundu nimepitisha uzi mara mbili. Leo hanikatai mtu."

Badala ya kutulia, moyo ukazidi kumwenda mbio. Jana mchana, kijana alipotoka kula, binti alilishika buti la kushoto, akaona mshono wa soli kama umelegea, kiherehere kikampanda. Akaufumua wote, akaushona upya chapuchapu kabla mwenyewe hajarudi. Leo, beseni likiwa limeshajaa maji, ndipo alipokumbuka kwamba uzi ule hakuupaka nta ya kuzuia maji.

"Haya, mwite," baba akasema.

Kijana akaingia, meno yote nje. Gazeti la buti la kulia likatoka kavu kabisa, baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. La kushoto likatoka limelowa chapachapa.

Kijana akaligeuza buti, akautazama mshono. Ulikuwa umelalia upande usio wake, na karakana nzima anayeshona kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Akamtupia binti jicho, kisha akainamisha kichwa.

"Kosa langu, Mzee. Nilifanya haraka."

"Basi tutaongea mwakani."

Baba alikuwa ameshainama kumwaga maji. Binti angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo, na mwanaume wake angebeba aibu isiyo yake. Akalishika beseni kabla halijamwagwa.

"Baba, ni mimi. Nilifumua kazi yake nikaishona upya. Yeye hakujua."

Baba akavaa miwani, akalitazama buti, halafu akamshushia bintiye maneno ya kutosha wiki nzima: uzi bila nta, kuingilia kazi ya mwenzio, miaka yote hiyo nimekufundisha nini. Kijana hakusikia hata moja. Alikuwa anamtazama binti.

"Ulidhani nitashindwa?"

"Nilidhani nitakukosa."

Kama alikuwa na hasira, iliyeyuka hapo hapo.

"Wewe umefaulu," baba akamwambia kijana. "Aliyefeli ni huyu. Bado unamtaka?"

"Namtaka hivi hivi, Mzee. Nyuzi zake nitazipaka nta mimi."

Baba alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Kamwite mama yako," akamwambia binti, "aje tupange siku. Na isiwe mwakani."