Ukuta Safi kwa Picha

Mke wa kinyozi alimkuta mumewe bafuni siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, maji ya shawa yakiendelea kumwagika. Alipomshika mkono, umeme ulimrusha hadi mlangoni, akapiga yowe lililowatoa majirani vitandani. Jirani mmoja, Mungu ambariki, alikimbilia kwanza swichi kuu. Walipomgeuza kinyozi alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na siku tano tu katika nyumba ile.

Mwenye nyumba alifika saa moja kamili, mguu mmoja kandambili, mwingine kiatu. Mtaani walimwita Mkunga, maana kwa miaka thelathini na mmoja alizalisha wanawake, na nusu ya vijana wa pale aliwapokea yeye. Alipostaafu aliingia kwenye biashara ya nyumba: ananunua kijumba ambacho kila mtu anakikwepa, anakikarabati, anakipangisha, kisha anaanza kuwinda kingine. Paa bovu halikumtisha hata kidogo. Msingi uliopasuka aliukimbia mbio. Hiki kilikuwa kijumba cha tatu, vyumba viwili na bafu, na alikipenda kuliko vyote.

Simu ililia mfukoni. Fundi bomba alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mafundi bwana, kuongea wanajua! Mkunga alimjibu kwa alama ya dole gumba bila kusikiliza, kama ilivyokuwa kawaida yake, akairudisha simu mfukoni.

"Shawa hii ilifungwa na nani, Mama?" aliuliza Sajenti, mwanamke mwembamba aliyeandika kila kitu, hata ambacho hakijasemwa.

"Na fundi umeme wangu. Kijana mwangalifu sana yule."

"Njoo uone." Sajenti alielekeza tochi nyuma ya shawa iliyofunguliwa. "Kifaa hiki cha kuchemshia maji kimepasuka kwa ndani. Hilo hutokea, halina mchawi. Ndiyo maana huwekwa waya wa kuukimbiza umeme ardhini, ule wanaouita ethi, ili swichi ijizime yenyewe. Waya huu hapa unaingia ukutani. Sasa twende nje."

Walizunguka nyuma. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, hauna kitu.

"Unaingia, hautoki," alisema Sajenti. "Fundi wako amechomeka kipande ili mkaguzi aone kuna waya. Amepita njia ya mkato, mtu amekufa."

Saa nne fundi umeme alikuwa mahabusu. Mkunga aliruhusiwa kumwona kwa dakika kumi, kukiwa na meza kati yao na Sajenti pembeni.

"Mama, wallahi niliufunga," kijana alisema. "Jumamosi ya wiki mbili zilizopita. Ulitoka kwa nje, ukashuka ukutani kwa vibanio, ukaingia kwenye chuma nilichokizika. Chimbeni, chuma mtakikuta!"

"Chuma tumekikuta," alisema Sajenti. "Chuma bila waya ni takataka tu."

"Nilimwambia kila mtu pale usiguswe. Kila mtu!"

"Mwanangu, sema kweli," Mkunga alimwambia. "Kama ulisahau, sema ulisahau."

Kijana alimtazama kwa macho yaliyomchoma maini. "Hata wewe, Mama?"

Alimpokea mwenyewe kijana yule, usiku wa mvua, akiwa ametanguliza miguu. Jumatatu angefikishwa mahakamani, na baada ya hapo nani angempa tena hata balbu ya kubadilisha? Mkunga alitoka akiwa ameamua. Kama waya ulikuwepo, kuna mtu aliutoa, na mtu huyo angempata kabla ya Jumatatu.

Jumamosi asubuhi jirani alimvuta kando. "Mkunga, mie simo, lakini yule mzee aliyekuuzia nyumba, Jumapili jioni nilimwona hapo nyuma na jembe."

Damu ilimchemka Mkunga. Mzee yule aliuza kwa shingo upande, na siku ya kukabidhi funguo aliitazama nyumba kama mtu aliyeibiwa. Alimkuta kwa binti yake, kibarazani, akiwa na blanketi magotini.

"Shikamoo, mzee. Ulikuwa unachimba nini nyumbani kwangu?"

"Marahaba, binti yangu. Nyumbani kwako..." Mzee alitikisa kichwa. "Sawa. Ni kwako. Nilikwenda kuchukua waridi."

"Waridi gani jioni jioni, kama mwizi?"

"Mchana ningeona haya. Marehemu mke wangu aliupanda mche ule chini ya dirisha la bafu. Wewe hukuuandika kwenye mkataba, nami sikuutaja." Alielekeza kidole kwenye kopo la rangi lililojaa udongo, mche wenye majani matatu ukiwa umesimama ndani yake. "Huo. Nafikiri utakufa tu."

"Ulipochimba, uliona waya ukutani?"

"Sikuona waya. Niliona ukuta mweupe, nikasema moyoni, kumbe nyumba yangu ilikuwa nzuri hivi."

Mkunga alishindwa hata kuaga vizuri. Mzee wa watu alikuwa amefiwa, akahamishwa, na sasa alikuwa anahojiwa kwa ajili ya ua.

Wakabaki wezi wa vyuma chakavu, maana shaba ina soko na mtaani ilishaibwa mara mbili. Sajenti alipopigiwa simu hakukataa. "Inawezekana, Mama. Lakini mwizi lazima aache alama. Niletee alama."

Saa kumi na moja jioni Mkunga alikuwa tena nyuma ya nyumba, peke yake. Jua lilikuwa limeshuka na kuupiga ukuta kwa ubavu, na ndipo alipoona kile ambacho asubuhi ya Ijumaa hakikuonekana: vivimbe vidogo vilivyopangana kutoka usawa wa dirisha hadi chini, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Alivihesabu kwa kidole. Tisa. Alikwangua kimoja kwa ufunguo. Chini ya rangi kulikuwa na lipu nyororo ya kuzibia, na ndani yake tundu la msumari.

Fundi hakudanganya! Waya ulikuwepo, na vibanio vyake tisa. Mkunga aliegemea ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini mwizi gani anayeng'oa waya, kisha akaziba matundu na kuyapaka rangi? Alifungua simu na kutafuta picha za tangazo alizopiga mwenyewe, Alhamisi saa tatu asubuhi, siku nne kabla kinyozi hajahamia. Ukuta wa nyuma ulikuwemo. Mweupe, hauna waya. Alikuwa ameipiga picha ile kwa mkono wake, akajisifu, akaipeleka kwa watu, na hakuona kilichokosekana.

Kati ya Jumamosi ya fundi umeme na Alhamisi ya picha, mtu mmoja tu alifanya kazi kwenye ukuta ule.

Jumapili saa nne asubuhi alimkuta fundi rangi juu ya ngazi, kwenye jengo la mtu mwingine, akipiga mluzi. Wenzake walimwita Kilemba kwa sababu ya kitambaa alichofunga kichwani ili rangi isimdondokee.

"Shuka," alisema Mkunga.

"Shikamoo, Mama! Kumbe ni wewe? Umenikumbuka leo?"

"Shuka, nimesema! Waya wa nyuma ya bafu uliupeleka wapi?"

Kilemba alishuka taratibu, brashi bado mkononi. "Upo. Juu ya dari, pale kwenye mlango wa kupandia. Nimeukunja vizuri, na vibanio vyake nimevitia kwenye kopo. Kwani unautaka sasa?"

"Nani alikuambia uutoe?"

"Wewe, Mama. Si ulisema unakuharibia ukuta kwenye picha?"

Alikumbuka. Alisema, ndiyo. Alisema kwa kupita tu, akiwa amekunja uso, vile mtu anavyosema leo jua kali.

"Kusema vile ndiyo kukutuma ung'oe? Si uliambiwa usiguswe?"

"Niliambiwa. Lakini niliukata pale unapotokea ukutani, nikawasha taa, zikawaka, shawa ikatoa maji ya moto. Nikaona kumbe haukuwa na kazi kubwa. Hata hivyo, Mama, sikujiamulia. Nilikutumia sauti." Alimkodolea macho, sasa akiwa na wasiwasi. "Na ukanijibu. Kwani kuna nini?"

Habari za kinyozi zilikuwa hazijamfikia. Mkunga alimweleza, na Kilemba akaketi kwenye mchanga, brashi ikamchafua suruali, wala hakujua.

Saa nane mchana walikuwa watano kwenye chumba cha Sajenti: Sajenti mwenyewe, Mkunga, Kilemba, fundi umeme aliyetolewa mahabusu, na mke wa kinyozi, ambaye aliomba awepo. Mezani kulikuwa na waya uliokunjwa na kopo la vibanio. Mkunga aliweka simu katikati.

"Mhusika nimempata," alisema. "Msikilize."

Alikuwa bado hajausikiliza ujumbe ule wa Kilemba hadi mwisho. Njiani alijaribu, akashindwa. Alibonyeza. Sauti ya Kilemba ilijaa chumbani, changamfu, ya mtu asiye na neno na mtu.

"Shikamoo Mama, habari za tangu jana. Mimi naendelea, leo namalizia, jua liko vizuri, rangi inashika. Kopo la nne limebaki nusu, nimekuwekea jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa unakwaruza, nimeupiga randa kidogo. Halafu ule waya uliosema unakuharibia picha, nimeutoa, matundu nimeziba. Sasa fundi umeme alisema usiguswe, kwa hiyo ukishapiga picha niambie tu nije niurudishe. Ni kazi ya dakika tano. Kama hutaki nijulishe niurudishe leo leo. Haya Mama, siku njema."

Sajenti aliivuta simu na kusoma, akiandika. "Jumatano, saa nne na dakika ishirini. Jibu: dole gumba. Saa nne na dakika ishirini." Aliinua macho. "Dakika ileile. Ujumbe una dakika moja na nusu, Mama."

"Sikuusikiliza. Mafundi huongea sana, nikawa nawajibu tu waendelee na kazi. Nilitaka ukuta safi kwa picha, nyumba ipate mpangaji haraka." Alisimama. "Mwachieni huyu kijana. Na Kilemba mwacheni, aliuliza. Nifungeni mimi."

"Mimi niliutoa kwa mikono yangu," alisema Kilemba, lakini hakuna aliyemgeukia.

"Fundi umeme atarudi nyumbani leo," alisema Sajenti. "Wewe nitakuandika maelezo, mkuu wangu ataamua. Ila sikufichi, Mama, sijui hata niandike kosa gani."

Mkunga alitamani afokewe, apigwe hata kofi. Fundi umeme alikuwa huru na hakumtazama. Alikitazama kile kitanzi cha waya wake, akakigusa kwa kidole kimoja, akatoka bila kuaga. Miaka yote alimwita Mama.

Mke wa kinyozi ndiye aliyebaki ameketi. Hakulia. Aliongea polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Mama, siku ile, saa nne na dakika ishirini, ulikuwa unafanya nini?"

Mkunga alifungua mdomo. Alitafuta. Jumatano ile, asubuhi ile. Labda alikuwa anachagua vigae. Labda alikuwa anakunywa chai, au amekaa tu. Aliwahi kukumbuka saa ya kuzaliwa kwa watoto mia mbili, na sasa alitafuta na kutafuta, mwanamke yule akimngoja.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.