Imeshika

Mstari wa rangi nyeupe ulikuwa umekatika. Fundi aliuchora asubuhi, kutoka kwenye nati kuvuka hadi kwenye boliti. Sasa nusu moja ilitazama huku, nyingine kule, kama watu waliogombana. Nati ya mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, upande wa dereva, ilikuwa imelegea, na gari lilikuwa limezunguka mtaa mara moja tu.

Lilikuwa gari la mdogo wake, mkunga. Saa kumi angeteremka nalo mlima mzima kwenda zamu.

Pale gereji, boliti za mbele hukazwa gari likiwa limekanyaga chini na kubeba uzito wake. Ukizikaza likining'inia, bushi, zile raba za maungio, hukaa zimejipinda na kuchanika upesi. Kwa hiyo fundi hulala kando ya gurudumu na spana ya kipimo, naye shemeji yake, mume wa mkunga, hushuka shimoni kushikilia kichwa cha boliti. Spana ikilia tak, kuonyesha mkazo umetosha, fundi huuliza, "Imeshika?" Asipojibiwa, mstari hauchorwi.

Na asubuhi alijibiwa.

"Shemeji, ulisema imeshika."

"Ipi?"

"Hii ya mwisho."

"Ya mwisho sikuwepo. Nilienda kuchota maji. Nimerudi nikakuta unachora, nikasema, huyu leo ana mikono minne."

Fundi hakucheka. Wiki ya pili sasa mkunga na mumewe walikuwa hawasemezani. Wazo lililomjia hakulipenda, lakini hakulifukuza.

"Usinitazame hivyo," shemeji alisema chini chini. "Ni mke wangu."

"Ndiyo maana nakutazama. Simama pale mlangoni, nikuone."

Fundi akalala peke yake kando ya gurudumu, akaanza kuikaza upya ile nati. Shimo lilinuka udongo mbichi, kama lilivyonuka tangu walipoliongeza kina juma lililopita, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Alitegemea boliti izunguke pamoja na nati, kwa kuwa hapakuwa na wa kuishikilia, lakini ilitulia tuli, ikashikiliwa kwa nguvu na uangalifu wa mtu anayeijua kazi, mpaka spana ikalia tak, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka mingi na kabla hajauzuia, ukauliza, "Imeshika?"

"Imeshika," ikajibu sauti ya shemeji kutoka shimoni.

Mlangoni, shemeji alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja.

"Shimo hili lina mwenyewe," alinong'ona baadaye.

Walilisukuma gari hadi kwenye sakafu ngumu, wakalifunika shimo kwa mbao. Wakalala chini wote wawili, wakakaza upya boliti zote za mbele, macho kwa macho, bila kuulizana neno.

"Nisamehe, shemeji."

"Hata mimi ningejishuku."

Saa kumi mkunga akaja, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona kimya? Mmegombana?"

"Hapana, mdogo wangu. Nenda polepole."

Mumewe akamfungulia geti. Mkunga akawasha gari. Lilipovuka tuta la getini, pua ikainama, na kutoka chini yake sauti ile ile ikasema, bila haraka:

"Nimeshika."

Gari likakata kona kuelekea mteremkoni. Shemeji alikuwa ameshaanza kukimbia nyuma yake, akiliita jina la mkewe, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.