Betri Iliyonukia Udi

Zaki alikutwa amekaa kwenye kiti cha duka lake, mtaani Fedha, kichwa kimelala upande kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Vepu yake, lile bomba la shaba la kuvutia mvuke alilolipenda kama mtoto wa pili, ilikuwa imepasuka. Nusu ilikuwa sakafuni. Nusu nyingine ilikuwa shingoni mwake.

Mkewe, Ummulkheir, ndiye aliyemkuta asubuhi, alipomshushia chai kutoka ghorofani.

"Kuna aliyegusa kitu?" Inspekta Koki aliuliza.

"Hakuna, Afande," alijibu Konstebo Wafula. "Isipokuwa chai. Ilikuwa inapoa."

Koki alimtazama. Wafula akajifuta mdomo.

Mbele ya meza ya duka palikuwa na ndoo ya mchanga. Wateja wote waliijua. Ukileta betri ya kuchajiwa yenye gamba lililochubuka, au iliyojisifu kwenye maandishi kuliko uwezo wake, Zaki aliitupa humo mbele ya macho yako, hata kama ulikuja na wakwe.

"Mtaalamu wa betri ameuawa na betri," Wafula alisema. "Tuandike ajali, Afande."

Ummulkheir aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, sauti imenyooka.

"Usiandike. Bomba la namna hii halina saketi ya kukata umeme, baba. Ukibonyeza kitufe, betri inatoa nguvu zake zote. Mume wangu alikuwa akisema betri yenyewe ndiyo askari, kwa hiyo ichaguliwe kama mtu anavyochagua mkwe. Leo asiione mbovu?"

"Alikuwa akivutia hapa kila siku?" Koki aliuliza.

"Hapa hapa. Mimi nina pumu. Moshi wala mvuke haupandi kwangu."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Junaid, binamu wa marehemu, muuza betri huko Gikomba, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Pole, shemeji."

Ummulkheir alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Rudi nje, Junaid! Unanukia udi. Udi haujaingia nyumbani kwangu tangu niolewe, na wewe unajua."

"Nisamehe, shemeji. Mama hufukiza nyumba nzima. Hata paka wetu ananukia kama bi harusi."

Junaid alirudi kizingitini. Koki alikuwa anatazama mfuko wa suruali ya Wafula.

"Toa hiyo."

Wafula alitoa vepu ndogo, betri ya akiba na shada la funguo, vyote vikiwa vimelala pamoja.

"Betri bila kasha na funguo mfuko mmoja," Koki alisema. "Chuma kikigusa ncha zote mbili, inawaka. Na ulivyoiweka hapo, mama yako asahau wajukuu."

Wafula alihamisha funguo haraka sana.

Zaki alizikwa Kariokor. Kisha ripoti ya maabara ikatoka.

"Ndani ni betri kuukuu ya kompyuta," mtaalamu wa uchunguzi alieleza. "Nje imevishwa gamba jipya la zambarau, limeandikwa ampea arobaini. Kwa ukubwa huu, hiyo ni ndoto. Chini ya gamba kuna doa la rangi nyekundu ya kucha. Halafu kuna kitu sijawahi kukiona. Majivu na utomvu, katikati ya gamba na chuma. Vinanukia udi."

Mkuu wa kituo alisikia doa, hakungoja udi. Askari wake waliulizia doa hilo Gikomba, wakarudi na Owuor, mtu wa Dandora anayeokota betri za kompyuta jaani na kuziuza.

"Kesho anafikishwa mahakamani," mkuu alisema. "Kuua bila kukusudia. Faili imekwisha."

"Bado, mkuu," Koki alisema. "Nipe leo."

Owuor alikuwa chumba cha mahojiano, mikono mezani.

"Hili doa ni lako?"

"Ni langu, madam. Naokota, napima, ile iko na nguvu naiweka doa. Rangi ni ya mke wangu, na kila siku ananigombeza."

"Uliiuza iwe ya vepu?"

"Hapana! Mimi nauza za tochi na redio. Na nauza zikiwa uchi, madam, kama watoto wa kuzaliwa jana. Sina nguo za kuzivisha."

"Nani huzivisha?"

"Wanunuzi wangu hawaachi majina. Madam, mke wangu yuko karibu kujifungua. Nikifungwa, atajifungua akiwa peke yake."

"Nyumbani kwako mnachoma udi?"

Owuor alimkodolea macho. "Sisi tunachoma samaki."

Koki alisimama. Nyumba ya Zaki haikuwa na udi. Ya Owuor haikuwa na udi. Alimjua mmoja tu aliyenukia kuanzia mlangoni.

Mama yake Junaid, Bi Fatu, alikaa Majengo na aliuza udi na ubani barazani kwake. Alimkaribisha Koki kwa kahawa na malalamiko.

"Karibu mwanangu, nivumilie harufu. Chetezo changu kimeharibika. Nikitia udi kinanuka kiatu kilichoungua."

Koki aliinama juu ya kile chombo cha udongo. Ukingoni, karibu na makaa, palikuwa na tone lililoganda. Zambarau.

"Nani aliunguza plastiki hapa, mama?"

Bi Fatu alitazama tone. Akatazama sare ya Wafula mlangoni.

"Mimi."

"Uliunguza nini?"

"Ndoo."

"Ndoo ya zambarau?"

"Mimi mzee napenda rangi. Kuna sheria?"

"Hakuna. Chukua mtandio, mama. Twende wote."

Alasiri hiyo Junaid aliketishwa mbele ya Koki. Kati yao palikuwa na chetezo.

"Gamba la betri hubanwaje?" Koki aliuliza.

"Kwa mashine ya kukaushia nywele. Hewa ya moto inalisinyaza, linashika."

"Na stima ikipotea?"

Junaid alikitazama chetezo, akageuza uso.

"Alhamisi, kabla Zaki hajafa, stima ilipotea Majengo tangu mchana. Nimewauliza majirani. Gamba ulilibania wapi, kama si juu ya makaa ya chetezo hiki?"

"Sijui unasema nini, Afande."

"Mama yako anajua. Yuko chumba cha pili. Amesema ndiye aliyeivisha betri, ndiye aliyeipeleka dukani. Nimempa betri na gamba aonyeshe."

"Akafanya nini?"

"Gamba amelivaa kidoleni."

Junaid alifunika uso.

"Lakini ameapa," Koki aliendelea, "na mkuu wangu anapenda jina lolote la kuandika. Leo asubuhi lilikuwa la Owuor. Jioni litakuwa la nani?"

"Mama hajui hata betri inaingia upande gani."

"Basi sema wewe."

Maneno yakamtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa.

"Nilikuwa nimeposa. Bilan, binti wa mzee Salad wa Eastleigh. Mzee akaja dukani kwa Zaki kuulizia tabia zangu. Nami nilikuwepo. Zaki akachukua betri ninayouza, akaikwaruza kwa ukucha, gamba likatoka, kizee kikaonekana. Akakitupa ndooni. Akasema, 'Huyu kijana huvisha vikongwe nguo za harusi.' Mzee Salad akavaa viatu, akaondoka. Posa ikazikwa kwenye mchanga ule."

"Kwa hiyo ukamuua."

"Sikutaka afe! Jumamosi yeye huonyesha wateja namna ya kuchagua betri. Nilitaka betri imchome mbele yao, si asubuhi akiwa peke yake. Waone hata yeye hudanganyika. Nikavisha kikongwe kingine kifanane na betri yake, nikabadilisha kwenye kasha lake."

"Hakuikagua?"

"Alikagua za watu wote. Zilizomo kashani mwake alishazichagua, hakuziangalia tena. Na nani mwingine angeligusa? Mimi ni ndugu. Dukani naingia bila kubisha hodi."

"Ulitaka imchome wapi, Junaid?"

"Mkononi."

"Vepu huvutwa kwa mkono?"

Junaid alilaza kichwa karibu na chetezo cha mama yake, akalia.

Koki aliandika taarifa mpaka mwisho, akamsainisha. Wafula alikuwa ameshapata kasha la plastiki la betri yake ya akiba, na alilibeba kama yai.

Owuor aliachiliwa jua likiwa bado juu. Alipokuwa akivaa mkanda wake kaunta, alimwona Bi Fatu kwenye benchi, mtandio umevutwa hadi kwenye nyusi. Alimhurumia, maana hakumjua.

"Usiogope, mama," alimwambia. "Huyu madam hamfungi mtu asiye na kosa."

Bi Fatu aliutazama mlango wa chumba cha mahojiano.

"Hilo ndilo ninaloliogopa, mwanangu."