Sare ya Sista

"Sare yake nimeishona mimi! Kwa mikono yangu hii miwili! Halafu wewe unaniambia si nesi?"

Fundi cherehani alisema hayo mbele ya bomba, saa moja asubuhi, ndoo mkononi. Wanawake wa ua mzima walikuwa kwenye foleni ya maji. Ghafla hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Muuza mkaa, jirani yake wa chumba cha pembeni, hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Kushona umeshona, sikatai," alisema. "Tena umeshona vizuri. Lakini mwenzangu, ukinishonea mimi joho la jaji, kesho nitafunga watu?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mama Pacha alicheka mpaka akamwaga maji aliyokwisha kuyapata.

"Una wivu wewe," fundi alisema. "Sista anakuja kwangu kila siku, kwako haji."

"Na asije! Jana nimeona bendeji ya mama yako imeanikwa kwenye kamba, katikati ya soksi za Sista. Alikuwa anangoja ikauke amfunge tena. Nesi gani huyo?"

"Si ameifua?"

"Ameifua, ndiyo. Pamoja na soksi."

Watu wakacheka tena. Fundi akaona uso unamwaka moto. Alinyanyua ndoo yake kabla haijajaa.

"Kuanzia leo usikanyage kwangu," alisema.

"Sikanyagi. Ila uangalie mguu wa mama yako. Acha kuangalia sare."

Katika ua ule hakukuwa na siri. Vyumba sita, bomba moja, kuta nyembamba. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuambia pole. Kwa hiyo wote walijua Sista alikujaje.

Alihamia miezi mitatu iliyopita. Siku ya pili tu, alikwenda kwenye kibanda cha fundi, pale karibu na geti. Alimwonyesha picha ya nesi kwenye simu.

"Nishonee kama hii," alisema. "Yangu imechakaa."

Fundi alishona gauni jeupe lenye mifuko miwili na mikanda ya begani. Lilimkaa Sista kama alizaliwa nalo. Alipopita nalo mtaani, watu waliuliza, "Huyu nani?" Fundi alijibu kwa fahari, "Huyo ni Sista. Nesi kabisa! Sare yake nimeshona mimi." Wateja wa fundi walikuwa wengi, na maneno yake yalifika mbali. Haukupita mwezi, Sista alikuwa anatibu watu katika nyumba tisa, ukiacha ya fundi.

Kwa fundi mwenyewe ndiko alikoanzia. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa pia na kidonda kidogo chini ya kidole cha mguu. Kliniki walimpa vidonge, wakamwambia arudi kila wiki wakisafishe kidonda. Lakini benchi la kliniki ni refu, na Sista alikuwa na maneno matamu.

"Bibi, benchi la nini?" Sista alimwambia. "Mimi si niko hapa hapa? Na hivyo vidonge acha. Sindano yangu inatosha."

Sindano yenyewe ilitoka kwenye chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Hakuna aliyeuliza ni dawa gani. Mama alimpenda Sista. Alicheka naye, alipewa habari zote za mtaa, na mara moja moja alipakwa rangi ya kucha.

Siku hiyo ya ugomvi, fundi aliingia ndani na ndoo yake nusu. Alikuwa bado na hasira. Lakini maneno ya muuza mkaa hayakumtoka. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akafungua bendeji.

Harufu ilimpiga usoni. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye shina. Wekundu ulikuwa umepanda juu ya mguu.

"Mama! Hii haikuumi?"

"Wala," mama alijibu. "Sista anasema ni sumu inatoka. Nasikia baridi tu. Niletee shuka."

Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Fundi aligusa paji la uso la mama yake. Lilikuwa la moto.

Alikwenda kugonga kwa Sista. Mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameshatoka kwenda kwa wagonjwa wake. Fundi akasimama uani, hajui aanzie wapi. Ndipo akasikia mtu anabisha hodi kibandani.

Mteja alikuwa nesi wa kliniki, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuja kuchukua sare yake iliyowekwa zipu mpya. Fundi alimpa sare ile, lakini macho yake yakabaki kwenye mikanda ya begani. Alikumbuka siku ya kumpima Sista. Alimuuliza, mikanda iwe rangi gani? Sista alifikiri kidogo, akasema, "Weka nyekundu. Inaendana na viatu vyangu."

"Samahani, mama," fundi alimuuliza nesi. "Hii rangi ya begani, mnachagua wenyewe?"

Nesi alicheka. "Tuchague? Hiki ni cheo, mwanangu, si kitenge. Ukivaa rangi ambayo si yako, utaulizwa mlangoni."

Fundi alikaa chini kwenye kigoda chake.

"Mama nesi," alisema, "njoo umwone mama yangu. Tafadhali. Sasa hivi."

Nesi alimwona. Alishika mguu, akabonyeza, akanusa, akauliza maswali matatu. Aliposikia vidonge vimeachwa, aliweka miwani yake chini.

"Hospitali. Si kesho. Si baada ya chakula. Sasa," alisema. "Mwenye sukari, kidonda kinaweza kuoza bila kumuuma. Kutouma si kupona. Tukikaa hapa tunabishana, mguu utaondoka. Na homa hii inaweza kuondoka na yeye mwenyewe."

Mama hakuweza kutembea. Barabara ya magari ilikuwa mbali. Fundi alitoka uani, akaangaza huku na huku. Muuza mkaa alikuwa kwenye kizingiti chake, amesikia yote. Alimwaga magunia yake ya mkaa chini, akageuza mkokoteni, akatandika godoro lake mwenyewe juu yake. Akausogeza mpaka mlangoni kwa fundi, akasimama nje. Hakukanyaga ndani.

Walikuwa wanamlaza mama kwenye mkokoteni Sista aliporudi.

"Mnampeleka wapi mgonjwa wangu?" aliuliza.

Fundi alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Sauti yake ilitoka imara.

"Sista, nionyeshe leseni yako ya uuguzi."

"Leseni? Mimi na wewe leo ni wa kuombana leseni? Si wewe uliyenishonea sare?"

"Ndiyo sababu naomba. Sare naijua, nimeikata mwenyewe. Leseni sijaiona."

Sista alitoa kadi kwenye mfuko wa gauni. Nesi aliipokea, akavaa miwani, akaigeuza mara mbili.

"Hii ina picha na neno 'Nesi'," alisema. "Haina namba ya usajili. Haina tarehe ya kuisha. Haina jina la baraza la wauguzi. Kadi kama hii hata duka la picha wanatengeneza."

"Leseni yenyewe iko ofisini. Inahuishwa."

"Sawa. Nipe namba yako tu. Napiga simu baraza sasa hivi. Wana daftari la wauguzi wote wenye leseni. Wakilikuta jina lako na namba yako, mimi mwenyewe nitakuomba radhi mbele ya ua mzima."

Sista aliangalia viatu vyake vyekundu.

"Nilikuwa mfagiaji wodini," alisema hatimaye. "Miaka minne. Niliona kila kitu wanachofanya."

"Uliona mikono," nesi alisema. "Hukufundishwa kwa nini."

Mama Pacha alikuwa ameshavua kandambili. "Tumpe vidonge vyake huyu!" alipiga kelele. Wengine wakaanza kusogea.

Fundi alisimama katikati yao na Sista.

"Hakuna kumgusa! Mkimpiga, kesho tutakuwa tunashtakiwa sisi. Mama Pacha, vaa kiatu chako. Kimbia ofisi ya afya ya mtaa, waje na polisi. Nyinyi wengine kaeni naye hapa. Mimi nina mgonjwa."

Wakasukuma mkokoteni, fundi upande mmoja, muuza mkaa upande wa pili, nesi mbele anafungua njia. Walipofika hospitali, shuka la mama lilikuwa jeusi kwa mkaa.

"Daktari," mama alisema kwa sauti ndogo, "weusi huu mwingine ni wa usafiri. Kata kwa uangalifu."

Walimkata kidole kimoja. Mguu ulibaki. Daktari alisema wangechelewa siku chache tu, angezungumza nao habari nyingine kabisa. Mama alirudishiwa vidonge vyake, akalazwa siku kumi na mbili.

Sista alichukuliwa na polisi siku ile ile. Afisa wa afya aliandika maelezo ya kila mgonjwa, akabeba chupa zisizo na maelezo. Watu wengine wangesema basi, yamekwisha. Fundi hakusema hivyo.

Alikaa kando ya kitanda cha mama yake, akahesabu nyumba kwenye vidole. Nyumba tisa. Kila nyumba ilimwamini Sista kwa sababu ya mdomo wake yeye.

"Nitakwenda zote," alimwambia nesi.

"Afisa wa afya ameshawaambia."

"Afisa hakuwadanganya. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Alifunga kibwebwe kweli kweli. Alipita mlango kwa mlango. Kila alikofika alisema maneno yale yale: "Nilisema ni nesi kwa sababu nilishona sare yake. Nilikosea. Nendeni kliniki mkapimwe. Na mtu yeyote akija kuwatibu nyumbani, ombeni leseni. Someni jina, angalieni picha, angalieni tarehe. Kisha ulizeni baraza kama namba ni yake kweli. Nesi wa kweli hachukii kuulizwa."

Kuna waliomshukuru. Kuna waliomfungia mlango. Mzee mmoja alimsema nusu saa nzima, na fundi akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Lakini watu wa nyumba zote tisa walikwenda kliniki. Mtoto mmoja alikutwa na nimonia, akatibiwa kwa wakati. Sista alikuwa akimpa dawa ya minyoo.

Kibandani, juu ya cherehani, fundi alibandika karatasi kubwa: SARE YA UUGUZI HAISHONWI BILA LESENI. Mwanzoni wateja walicheka. Kisha alikuja nesi kijana, akasoma, akatoa kadi yake kabla hajaombwa.

"Ingekuwa kila fundi yuko hivi," alisema.

Mama alirudi nyumbani. Nesi wa kliniki alikuja kumwonyesha fundi namna ya kutunza mguu. Kabla hajagusa bendeji, mama alinyoosha mkono.

"Kadi," alisema.

"Mama!" fundi aliona aibu. "Huyu si tunamjua?"

"Hata yule tulimjua. Kadi."

Nesi alicheka, akampa. Mama alikuwa amejifunza kusoma darasa la watu wazima. Alipitisha kidole chini ya kila neno, polepole, mpaka kwenye tarehe.

"Bado haijaisha," alisema. "Haya, fungua."

Bendeji ilikuwa mpya, imetoka kwenye pakiti. Kidonda kilikuwa safi, chekundu kama ndani ya mdomo. Nesi aliridhika.

Chakula kilipokuwa tayari, fundi alitazama nje. Muuza mkaa alikuwa anapita na mkokoteni wake. Tangu siku ile alileta mkaa, aliuliza hali ya mgonjwa, lakini kila mara aliishia kizingitini. Aliambiwa asikanyage, na hakukanyaga.

Fundi alitoka nje.

"Mlango wa kumi ni wako," alisema. "Nilikutukana mbele ya watu, nawe ulisema kweli. Nisamehe, jirani."

Muuza mkaa alijifuta mikono kwenye khanga, anajifanya hana haraka.

"Nitafikiria," alisema. "Kwanza nishonee lile joho langu la jaji."

"Lete leseni."

Wote wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndani, mama alisikia kila neno, maana kuta za ua ule ni nyembamba.

"Jaji!" aliita. "Acha mkokoteni hapo, nawa mikono, ingia ule. Hukumu utatoa ukishashiba."